Kiongozi wa kiufundi, timu inakusubiri wewe: uzi kwa wanaoongoza watengeneza programu

#1 Mtunza Seva (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Nimeongoza timu za watengeneza programu kwa miaka 9 sasa, na ile 2 ya mwanzo niliongoza vibaya. Nalisema wazi kwa sababu makosa yaleyale nayaona kila ninapopita, na wanaoyafanya ni watu wenye nia njema na uwezo mkubwa. Uzi huu ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya wale wanaoongozwa nao.

Nilipewa uongozi kwa sababu nilikuwa naandika msimbo (code) vizuri. Wengi wetu tumepandishwa hivyo. Hakuna aliyenieleza kwamba kazi imebadilika, kwa hiyo nikaendelea na ileile niliyoijua. Kipande kigumu nakichukua mimi. Badiliko lolote linapita mikononi mwangu kabla ya kwenda hewani kwa watumiaji. Swali lolote la mpangilio wa kanzidata (database) linanisubiri nitoke kikaoni. Nilikuwa wa mwisho kuondoka ofisini, nikiamini kwamba nawabeba wenzangu. Kumbe nilikuwa nimekaa mlangoni.

Kilichonifumbua macho ni daftari. Kuna wiki niliamua kuandika kila kazi iliyo wazi kwenye timu: imeanza lini, imesimama lini, inasubiri nini. Zilikuwa kazi 11. Zilizokuwa zinaandikwa kweli siku hiyo zilikuwa 3. Nyingine zote zimekaa tu. Moja inasubiri jibu la timu jirani, mbili zinasubiri ruhusa ya kuingia kwenye seva ya majaribio, na 5 zilizobaki zilikuwa zinanisubiri mimi. Mimi niliyekuwa nalala saa tano usiku nikiumia kichwa kwa nini vijana wangu wanakwenda taratibu.

Kuna hesabu ndogo ambayo kila kiongozi anapaswa kuwa nayo kichwani. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ya foleni: wastani wa vitu vilivyomo ndani ya foleni ni sawa na kasi ya kuingia ukizidisha kwa muda ambao kila kimoja hukaa humo. Ilete kwenye timu yako. Kama mnamaliza kazi 3 kwa wiki na kazi zilizo wazi ni 12, basi kila kazi itachukua wastani wa wiki 4 tangu ianze mpaka iishe. Sasa punguza zilizo wazi zibaki 6, kasi ikiwa ileile ya 3 kwa wiki. Wastani umeshuka hadi wiki 2. Hakuna aliyeongeza kasi ya kuandika, hakuna aliyekesha. Mmeacha tu kufungua mambo mengi kwa mpigo.

Kwa hiyo msimamo wangu, ambao niko tayari kuutetea hapa, ni kwamba msaada mkubwa kuliko wote ambao kiongozi wa kiufundi anaweza kuipa timu ni kuiondolea kusubiri. Kusubiri ruhusa, kusubiri mapitio, kusubiri uamuzi, kusubiri mtu mmoja anayejua sehemu fulani ya mfumo. Na kuna kusubiri kwingine kubaya zaidi ambako hakuonekani kwenye daftari: mtu ameona tatizo, lakini anasubiri apate ujasiri wa kulisema.

Naomba kuwasilisha. Karibuni tujadili.

#2 Jiwe la Pembeni

Mkuu, heshima yako. Hiyo hesabu ya foleni nimeielewa, ila mimi shida yangu iko kwingine. Mradi wetu umechelewa miezi miwili na wakubwa wameniambia nichague watu 4 wapya waongezwe kwenye timu. Sasa tupo 6. Si hiyo ndiyo njia ya kupunguza kusubiri, kuongeza mikono?

#3 Mtunza Seva (mwanzisha uzi)

Mkuu Jiwe, kama unaweza kuzuia hilo, lizuie leo.

Fred Brooks alisimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM miaka ya 1960, mradi uliochelewa huku watu wakizidi kuongezwa. Mwaka 1975 akaandika jambo ambalo mpaka leo linaitwa kanuni yake: ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Sababu zake zinaeleweka. Mgeni hawezi kuanza kazi kabla ya kufundishwa, na wa kumfundisha ni walewale ambao tayari wamezidiwa. Tena idadi ya watu wanaopaswa kuelewana haikui kwa kujumlisha. Mkiwa 6, jozi za kuzungumza ni 15. Mkiwa 10, jozi ni 45. Umeongeza mikono 4 na mazungumzo 30.

Nenda kwa wakubwa ukiwa na mambo mawili. Orodha ya kazi zote zilizobaki, na pendekezo la zipi ziondolewe kabisa ili tarehe isimame. Kupunguza kazi kunauma, kwa sababu kuna mtu aliahidiwa kila kipengele kwenye orodha ile. Lakini hilo ndilo eneo ambalo timu yako haiwezi kujisaidia yenyewe. Mtengeneza programu hawezi kuingia kwenye chumba cha wakubwa akasema "hiki tunakiacha". Wewe unaweza, na wanakutegemea ukaseme.

Kama watu ni lazima waongezwe, basi waje mradi unapoanza, au waje kwa ajili ya kazi itakayofuata. Na uwape mwezi mzima bila kuwahesabia chochote.

#4 Kijana wa Msimbo

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye ninayesubiri. Nina mwaka mmoja na nusu kazini. Nikimaliza kazi naituma kwa mapitio, yaani mwenzangu aukague msimbo, inakaa siku tatu, wakati mwingine nne. Nikianza kazi nyingine, maoni ya ile ya kwanza yanarudi yakiwa 40, mengi ni ya nafasi na mabano, na mimi nimeshasahau nilichoandika. Nikimkumbusha kiongozi naonekana msumbufu. Nifanyeje?

#5 Mtunza Seva (mwanzisha uzi)

Marahaba kijana wangu. Asante kwa kusema, na kwanza ujue kwamba kukumbusha si usumbufu.

Upande wako, tuma vipande vidogo. Badiliko la mistari 80 mtu atalisoma kati ya kikao na kikao. La mistari 900 ataliogopa, ataliweka kando, na siku akilisoma ataona mabano tu, kwa sababu kichwa cha binadamu hakiwezi kushika mantiki ya mistari 900 kwa mkupuo.

Sasa nazungumza na viongozi wake, kama wamo humu. Mambo ya nafasi, mabano na mpangilio wa mistari iachieni mashine. Wekeni programu ya kupanga msimbo iendeshwe yenyewe kila mtu anapotuma, na mjadala huo ufe siku hiyohiyo. Mtu asitumie macho yake kwa kitu ambacho mashine inakiona vizuri zaidi.

Kisha wekeni desturi kwamba mapitio yanatangulia kazi mpya. Ukiingia asubuhi, kabla hujafungua kazi yako, pitia za wenzako zilizolala. Kwenye timu yangu tulikubaliana kwamba hakuna badiliko litakalolala bila mtu kulisoma, na kwamba mtu yeyote kwenye timu, hata aliyeanza juzi, anaweza kupitia msimbo wa mtu yeyote, wangu ukiwamo. Wiki za mwanzo nilikuwa na wasiwasi. Niliogopa mambo mabaya yatapita. Yalipita mawili matatu, majaribio ya mashine yakayadaka mengine, na ndani ya miezi michache watu 5 walikuwa wanaujua mfumo ambao zamani niliujua mimi peke yangu. Siku nilipougua wiki nzima, kazi haikusimama.

Kuhusu namna ya kuandika maoni, nina ombi moja kwa kila anayepitia kazi ya mdogo wake: tenganisha "hii itavunja mfumo" na "mimi ningeandika tofauti". Ukivichanganya, kijana anashindwa kujua kipi kina uzito, anakuwa anabadilisha kila kitu ili akuridhishe, na hajifunzi.

#6 Mzee wa Kanzidata

Nimesoma nikakubali mengi, lakini mwanzisha uzi ametaja jambo zito mwishoni mwa andiko la kwanza kisha akalipita. Nalirudia: mtu ameona tatizo na anasubiri ujasiri wa kulisema. Nimekaa na kanzidata miaka 20 na zaidi, na nawaambieni hapo ndipo mifumo inapofia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa watengeneza programu, alikuwa anahangaika na kanzidata ya pili iliyoshindwa kunakili data kutoka ya kwanza. Amechoka, saa zimekwenda. Akaamua kufuta folda ya ile ya pili ili aanze kunakili upya. Amri akaitoa kwenye seva ya kwanza, ile inayohudumia wateja. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili tu akaizuia, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki karibu 4.5.

Wakaenda kwenye nakala rudufu. Zile za kila siku hazikuwepo, kwa sababu programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisiloendana na kanzidata, ikawa inashindwa kimya kimya. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa nazo zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyohuyo aliichukua kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Sasa tazameni walichofanya. Waliweka hati ya urejeshaji wazi kwa umma, wakarusha kazi nzima moja kwa moja kwenye YouTube, na baadaye wakachapisha maelezo kamili ya kilichotokea. Maelezo yale hayakumtaja mhandisi kwa jina. Yaliuliza kwa nini seva mbili zinafanana kiasi cha mtu kuzichanganya, na kwa nini hakuna mtu aliyekuwa na jukumu la kujaribu nakala rudufu. Watu wangapi duniani walikwenda kukagua nakala zao wiki ile baada ya kusoma? Mimi nilikuwa mmoja wao, na niliyoyakuta sitayasahau.

#7 Jiwe la Pembeni

Mzee nakuheshimu sana, lakini hapa nitapingana nawe. Mtu kafuta kanzidata ya wateja halafu tunasema tutazame mfumo? Mkilea uzembe namna hiyo nidhamu inaisha. Kwangu mtu akivunja mfumo jina lake linatajwa kwenye kikao, na nakwambieni wanakuwa makini.

#8 Mtunza Seva (mwanzisha uzi)

Mkuu Jiwe, nashukuru umelisema waziwazi, maana wengi wanaliamini bila kulitamka. Niruhusu nilijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu nami nimewahi kuamini hivyo.

Ukitaja jina la mtu kwenye kikao, kweli watakuwa makini. Watakuwa makini kuficha. Amy Edmondson wa Harvard, alipokuwa bado mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, alichunguza makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali. Alitarajia kwamba timu zinazoelewana vizuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Alipochimba akaona maelezo yanayoingia akilini, kwamba timu zile zilikuwa huru zaidi kuyataja. Kwenye wodi nyingine makosa yalikuwa yanabaki mdomoni. Kutokana na kazi hiyo na zilizofuata, mwaka 1999 akachapisha utafiti wake juu ya usalama wa kisaikolojia katika timu, yaani ile hali ya mtu kujua kwamba akiuliza, akikiri kosa au akipinga, hatadhalilishwa.

Kwa hiyo ukiona kimya kwenye timu yako, usikisome kama umakini.

Sasa mfano wa upande wa pili. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliwasha programu mpya ya kununua na kuuza hisa. Programu ilipaswa kuwekwa kwenye seva 8. Fundi aliyeiweka akaruka moja. Kwenye seva hiyo moja kulikuwa na msimbo wa zamani, ambao kampuni iliacha kuutumia tangu 2003 lakini haikuufuta, na swichi iliyotumika kuwasha programu mpya ndiyo ileile iliyokuwa inawasha ule wa zamani. Soko likafunguliwa. Kwa dakika 45 hivi mfumo ukawa unanunua na kuuza bila breki. Hasara ilipita dola za Marekani milioni 440, na kampuni haikuweza tena kusimama yenyewe.

Kwa kanuni yako, mkuu, jina la fundi lingetajwa kikaoni na kesi imefungwa. Tume ya masoko ya mitaji ya Marekani ilipochunguza ilikuta mengine. Hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa mtu wa pili kuhakiki kazi ya kuweka msimbo kwenye seva. Msimbo uliokufa miaka mingi ulikuwa bado umekaa pale. Asubuhi hiyo, kabla soko halijafunguliwa, mfumo ulituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja hitilafu ileile, na hakuna aliyezifanyia kazi kwa sababu hazikuwekwa kama tahadhari. Na walipohaha kurekebisha, waliondoa msimbo mpya kwenye seva 7 zilizokuwa salama, wakaufanya ule wa zamani uamke kwenye zote.

Ukimfukuza yule fundi, ni kipi kati ya hivyo kimetengenezwa? Atakuja mwingine, naye ataruka seva siku amechoka.

Uzembe upo, sikatai. Mtu anayerudia jambo alilokwisha kuonyeshwa, au anayedanganya, zungumza naye faraghani na hatua zichukuliwe. Lakini baada ya hitilafu, maswali yangu kwa timu ni haya: uliona nini wakati ule? Ulidhani nini kinaendelea? Kwa nini hatua uliyochukua ilionekana sahihi kwako? Neno "nani" sianzi nalo. Na siku ambayo kosa ni langu, naanza mimi kuandika, kwa sababu nikificha langu sina haki ya kudai la mwingine.

#9 Jiwe la Pembeni

Hizo barua pepe 97 sikuwahi kuzisikia. Nimenyamaza kwanza, nitarudi.

#10 Dada Mchambuzi

Habari za jioni wote. Mimi naongoza timu ya watu 8. Wakubwa wangu wanataka kila Ijumaa niwape idadi ya mistari ya msimbo na idadi ya kazi ambazo kila mtu amefunga. Nimeanza kuona watu wanapasua kazi moja kuwa tano ili namba zipande. Nimewaeleza wakubwa wakasema tuletee kipimo kingine basi. Kaka zangu, nipeleke kipi?

#11 Mzee wa Kanzidata

Dada, tatizo lako lina umri mkubwa. Mwanzoni mwa 1982 pale Apple, mameneja wa mradi wa kompyuta ya Lisa walianza kuwataka wahandisi wajaze fomu kila wiki wakionyesha wameandika mistari mingapi. Bill Atkinson, aliyekuwa anatengeneza sehemu ya kuchora picha kwenye kioo, wiki hiyo alikuwa ameuandika upya msimbo wake ukawa mfupi na wa kasi karibu mara 6 kuliko wa awali. Alikuwa amepunguza mistari kama 2,000. Kwenye fomu akaandika -2000. Haikuchukua wiki nyingi wakaacha kumpelekea fomu. Wape wakubwa wako kisa hicho kabla ya kingine chochote.

#12 Mtunza Seva (mwanzisha uzi)

Naongezea hapo kwa mzee. Dada, peleka vipimo vinne vilivyotokana na utafiti wa Nicole Forsgren na wenzake, ambao wengi wetu tunaufahamu kwa jina la DORA (DevOps Research and Assessment). Mnapeleka mabadiliko hewani mara ngapi. Badiliko linachukua muda gani tangu liandikwe mpaka limfikie mtumiaji. Mabadiliko mangapi kati ya yaliyopelekwa yanaleta hitilafu. Na hitilafu ikitokea, huduma inarudi baada ya muda gani. Viwili vya mwanzo vinapima kasi, viwili vya mwisho vinapima uimara, na uzuri wake ni kwamba vinachungana.

Lakini nakuomba jambo moja kwa msisitizo: vipimo hivi ni vya timu. Siku ukivigawa kwa mtu mmoja mmoja na kuvipeleka kwenye tathmini ya mishahara, utarudi kulekule kwenye kazi moja kupasuliwa kuwa tano.

Na kwa kuwa wakubwa wako wameonyesha nia ya kusikiliza, tumia nafasi hiyo kuwaeleza deni la kiufundi, yaani msimbo ulioandikwa haraka haraka unaosumbua baadaye. Ward Cunningham ndiye aliyelifananisha na mkopo mwaka 1992: kukopa kidogo kunakuharakisha, mradi ulipe mapema kwa kurudi kuandika upya, usipolipa, kila dakika unayotumia kwenye msimbo ule mbovu ni riba. Watu wa fedha wanalielewa hilo kuliko maelezo yoyote ya msimbo mchafu. Nenda na mfano halisi: "kipengele hiki kilipaswa kuchukua siku 3, kimechukua 9, na siku 6 zilikwenda kwenye kupita katikati ya sehemu hii ya zamani." Usiombe miezi mitatu ya kusafisha kila kitu, hawatakupa, na hata wakikupa ni hatari. Omba sehemu ya kila wiki, na uilinde.

#13 Kijana wa Msimbo

Swali dogo wakubwa. Je, kiongozi aendelee kuandika msimbo au aache kabisa?

#14 Mtunza Seva (mwanzisha uzi)

Aandike. Asiyegusa msimbo kabisa huanza kuamua mambo kwa kumbukumbu za mfumo uliokuwepo miaka mitatu nyuma. Ila asichukue kipande ambacho wengine watakisubiri. Mimi nachukua hitilafu ndogo zilizosahaulika, majaribio yanayofeli bila sababu, ile hatua ya kujenga programu inayochukua dakika 25 wakati ingeweza kuchukua 6. Hii ya mwisho ndiyo kazi niipendayo kuliko zote, kwa sababu dakika 19 hizo nimempa kila mtu kwenye timu, kila mara anapojenga.

#15 Dada Mchambuzi

Asanteni sana, Ijumaa nina cha kusema. Naomba niulize la mwisho. Nina kijana mmoja kwenye timu, kazi yake ni nzuri mno, ila kwenye vikao hasemi. Wiki mbili zilizopita tuliamua jambo kuhusu malipo ndani ya mfumo, likavunjika, na baadaye nikagundua kwamba yeye alikuwa ameliona mapema. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akanijibu, "Niliona mmeshaamua." Jibu lile limenikaa moyoni.

#16 Mtunza Seva (mwanzisha uzi)

Dada, huyo kijana amekupa zawadi. Amekwambia mlango uko wapi.

Kwenye vikao vyenu nani anaongea kwanza? Kama ni wewe, jaribu kuwa wa mwisho. Kiongozi akishatoa maoni, wanaobaki hawajadili tena hoja, wanajadili kama wamkubalie au wampinge. Pia tangaza jambo la kuamua siku moja kabla, kwa maandishi, na waache watu waandike wasiwasi wao kabla ya kikao. Kuna watu wanaofikiri kwa kalamu. Ukiwasubiri mdomoni hutawapata kamwe.

Halafu kaeni wawili, nusu saa, kila wiki, bila kukosa. Usiutumie muda huo kuuliza kazi imefika wapi, hiyo iko kwenye ubao tayari. Muulize ni kitu gani wiki hii kimemchelewesha, na ni uamuzi gani wa timu asioukubali. Mara ya kwanza atasema hakuna. Ya pili pia. Mimi na mwenzangu mmoja tulikaa vikao sita kabla hajaniambia lolote, na alichoniambia cha saba ni kwamba mimi nawakatiza watu wakiongea. Nilimshukuru, na kikao cha timu kilichofuata nilimwomba aniashirie kila nikifanya hivyo. Aliniashiria mara nne.

La muhimu ni kitakachofuata baada ya yeye kusema. Akikutajia kikwazo, kiondoe ndani ya siku chache, au urudi kumweleza kwa nini hakiondoki. Akisema mara mbili na pasitokee kitu, hatasema ya tatu.

#17 Mzee wa Kanzidata

Hapo kwenye malipo naomba nichomeke neno. Dada, angalia pia nani anazungumza na nani. Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba taasisi yoyote inayobuni mfumo itatoa ubunifu unaofanana na mawasiliano yake yenyewe. Nimeliona kwa macho: timu mbili hazisalimiani, na mifumo yao miwili inapokutana ndipo data zinapopotea. Kama sehemu yenu ya malipo inaguswa na timu mbili, wakalishe pamoja kabla ya kurekebisha msimbo.

#18 Jiwe la Pembeni

Wakuu nimerudi, ni siku 12 tangu niandike hapa.

Nilifanya lile la daftari. Kazi wazi 14 kwa watu 6. Zilizokuwa zinanisubiri mimi ni 7. Nilikaa nikaitazama karatasi ile muda mrefu.

Wale watu 4 wapya nimeomba waje robo inayofuata, wakubwa wamekubali kwa shingo upande baada ya kuwaonyesha hesabu ya jozi. Vipengele viwili vimeondolewa kwenye orodha.

Na jana kulitokea hitilafu, ripoti za wateja zikatoka tupu kwa saa moja. Kwenye kikao nilianza kama ulivyoelekeza, nikauliza tuliona nini, tulidhani nini. Walinyamaza kwa muda. Kisha binti mmoja aliyejiunga mwaka jana akasema kwamba hati yetu ya kupeleka mabadiliko hewani ina hatua iliyokosewa, na kwamba anaijua tangu mwezi wa pili. Hakusema kwa sababu hati ile niliiandika mimi.

Mkuu, hapo nifanye nini?

#19 Mtunza Seva (mwanzisha uzi)

Mkuu wangu Jiwe, umefanya kazi kubwa ndani ya siku 12.

Mpe binti ruhusa ya kuibadilisha hati ile leo, kwa jina lake. Wewe uwe mmoja wa wanaoipitia, na upitie kabla siku haijaisha. Kisha mwombe aseme kwenye kikao kijacho kama kuna hati nyingine yako yenye kasoro. Akitaja, andika, usijitetee hata kwa sentensi moja.

Utuletee mrejesho.